Kifaru Kisichokwenda Vitani

Mdogo wangu Shaame alirudi kutoka Ulaya mwaka wa hamsini na moja, na ulimi wake akauacha hukohuko. Watu wa Malindi, mtaa wetu hapa mjini Unguja, walijaa nyumbani kwangu kumpa mkono, maana baharia aliyepotea miaka kumi si mgeni wa kila siku. Walimuuliza Ulaya kukoje, akasema kuna baridi. Walimuuliza alikuwa akifanya kazi gani, akasema kazi tu. Mzee mmoja alitaka kujua kama ni kweli kwamba Waingereza wanakoga mara moja kwa wiki, na hilo nalo likamshinda kujibu. Wakamaliza kahawa yangu na haluwa yangu, wakaondoka wakinong'onezana.

Mimi ni mkubwa wake, naitwa Mwanakhamis. Nilimlea tangu mama yetu alipotufia Mkokotoni, nikamleta mjini, nikamtia chuo cha Kurani, na alipotoroka chuo akaenda kubeba makaa bandarini nilimchapa kwa mkono wangu huu. Nashona kofia za viua, zile za vitundu, kwa riziki yangu. Ni kazi inayonikalisha kitako mchana kutwa na kuniachia mdomo huru, na sina subira na mtu anayemeza maneno. Ukiwa na jambo, liseme, tugombane, tule.

Shaame aliondoka mwaka wa arobaini na moja, mtia makaa katika meli ya Waingereza, akamwacha mkewe Wanu na mimba changa. Wanu ni mwalimu wa chuo. Watoto wa kike wa mtaa mzima walikaa kwenye mkeka wake kila asubuhi wakisoma Kurani, na sauti zao zilifika mpaka kwangu, nyumba ya jirani. Mtoto akazaliwa, tukamwita Mwanamwema. Akaishi miaka miwili na kidogo, akashikwa na homa, akafa. Baba yake hakupata kumwona.

Mwanzoni tulikuwa tukipata salamu. Tukasikia meli yake imepigwa ikazama na yeye akaokolewa, yuko Uingereza. Kisha kimya. Vita vikaisha, mabaharia wenziwe wakarudi mmoja mmoja, na kimya kikaendelea. Mtaani wakaamua wenyewe kwamba kaoa Mzungu na ana watoto wenye nywele za mahindi. Wanu hakuamini wala hakukataa. Alisomesha, alipika, aliniita wifi kama kawaida, na kila aliyekuja kumshawishi aende kwa kadhi akavunje ndoa alirudi na aibu yake.

Kwa hiyo Shaame aliporudi kulikuwa na jambo moja tu lililokuwa likingojwa. Wanu alimpokea, akampikia, akamtandikia, na siku ya pili akamuuliza alikuwa wapi. Hakumuuliza kwa ukali. Aliniambia mwenyewe kwamba angekubali jibu lolote, hata kama ni mke wa Kizungu, kwa sababu mwanamume kuoa mke wa pili si ajabu ya dunia. Shaame alitazama mkeka mpaka chakula kikapoa. Wanu akamuuliza tena baada ya mwezi, na tena mwezi wa mfungo ulipoandama. Akitajwa marehemu mtoto, hata kwa dua, Shaame aliinuka akatoka nje. Mimi nilimfuata huko nje nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, naye aliyapokea yote kama mtu anayenyeshewa mvua.

Mwisho Wanu alikwenda kwa kadhi. Hakwenda kudai talaka, alikwenda kudai jibu; alidhani mbele ya sheria mwanamume atasema. Nilifuatana naye nikakaa nyuma. Kadhi alikuwa mtu mpole. Alimwambia Shaame kwamba mke aliyekaa miaka kumi bila ya matumizi wala habari ana haki ya kujua mumewe alikuwa wapi, na kwamba hata kama alikuwa gerezani aseme tu, gereza nalo ni udhuru. Shaame alitoka jasho. Alifungua mdomo, nikaona kabisa kwamba neno lipo, limefika kwenye meno. Kisha akasema:

"Siwezi kusema, sheikh. Lakini yeye hana kosa. Nnampa talaka yake, asiteseke."

Akatoa talaka moja palepale, macho yake yakitazama dirisha. Wanu hakulia. Alijitanda buibui lake vizuri, akatoka, na tulipofika njiani akaniambia, "Sasa nshajua, wifi." Nilidhani amejua kwamba kuna mwanamke mwingine. Nami niliamini hivyo, na kwa hasira niliacha kumpikia Shaame kwa muda mrefu.

Akapata kazi Kizimbani, kwenye shamba la serikali, kumwagilia miche ya mikarafuu. Ilimfaa, kwani miche haiulizi mtu kitu. Alikuwa anakuja mjini Ijumaa, anaswali, ananiletea ndizi au vijiti vya mdalasini, anakohoa kikohozi chake kikavu, anarudi shamba. Eda ya Wanu ikaisha na wachumba wakaanza kubisha hodi. Bwana mmoja aitwaye Mmanga, mwenye duka la nguo Darajani, mtu wa heshima zake, alileta posa mara mbili na mara mbili akakataliwa. Nikajua kwamba Wanu bado anangoja. Talaka ilikuwa moja, njia ilikuwa wazi: ndoa mpya, mashahidi wawili, na neno moja kutoka kwa Shaame. Nilimwambia hivyo kila Ijumaa mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe.

Basi mwaka wa hamsini na nne, Jumapili moja mchana, tulikwenda zanana. Hilo ni onyesho la sinema la wanawake peke yao, wanaume hawaingii, na sisi tuliokaa ndani wiki nzima tulikuwa tukilingojea kama sikukuu. Nilikwenda na Wanu na majirani. Tulikuwa tumefuata filamu ya Kihindi, lakini kabla yake huonyeshwa picha za habari za Uingereza, ambazo hakuna anayezitazama. Wanakuja farasi, inakuja mvua na miavuli, na huo ndio wakati wa kugawana njugu na kuwasengenya waliovaa dhahabu za kuazima.

Pakatokea kifaru cha vita. Nilikuwa nimeshaona vifaru katika picha kama hizo wakati wa vita, lakini hiki kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kizito mpaka macho yanachoka kukitazama. Kilikuwa kimewekwa kwenye majani mbele ya jumba, na watoto wa Kizungu walikuwa wanakipanda. Mmoja alikuwa amekaa juu ya mzinga akilamba aiskrimu. Shemsa, binti wa jirani yetu aliyesoma skuli, akawa anatufasiria maneno ya msemaji. Eti kifaru hiki kilitengenezwa kwa siri kubwa wakati wa vita, kilipokuwa tayari vita vimekwisha, hakikupigana hata siku moja, na sasa kimewekwa hapo raia wakitazame. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema Waingereza wana chuma cha kuchezea.

Kisha zikaja picha za zamani, za siku za kukijaribu. Kifaru kimezama kwenye matope mpaka tumboni, na kando yake wamesimama mafundi wenye nguo za kazi, wote weupe isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa ameweka kiganja shingoni kwa nyuma, kichwa amekiinamisha upande. Marehemu baba alikuwa akisimama hivyohivyo akiukagua mtego wake uliovunjika. Kabla sijameza mate picha ikabadilika, wakaja farasi tena. Wanu alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zilikuwa zimeniingia.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Nimemwona."

Filamu ya Kihindi ikaanza kwa nyimbo zake. Hatukukaa kuitazama.

Siku ile nilitoka sinema nikiwa na furaha ya kijinga. Hakuna mke wa Kizungu, nilijiambia, wala hakuna watoto wenye nywele za mahindi. Kilichokuwa kinafichwa miaka yote ni chuma kimezama kwenye matope. Nilicheka peke yangu njia nzima, watu wakanitazama. Wanu hakucheka. Tulipofika mlangoni kwake alisema kesho nimpeleke Kizimbani, akaingia ndani.

Tulimkuta Shaame chini ya kivuli cha makuti, ameshika mkebe wa kumwagilia, katikati ya safu za miche isiyofika magoti. Alipomwona Wanu alirekebisha kofia yake. Hata salamu sikungoja.

"Tumekuona sinema, Shaame. Wewe na kifaru chako."

Akauliza kifaru gani, huku akiendelea kumwagilia mche uleule mpaka maji yakafurika. Wanu akamweleza alichokiona, polepole, kwa sauti yake ya kusomeshea: jumba, majani, matope, watu waliosimama kando. Alipofika kwa watoto, Shaame alimkatiza.

"Watoto wanakipanda?"

"Mmoja kakalia mzinga, anakula aiskrimu."

"Na wamekionesha wenyewe? Waingereza wenyewe?"

"Wenyewe. Na mpaka huku kwetu wameleta."

Akakaa chini kwenye udongo uliolowa. Nilidhani atalia, kumbe alianza kusema, na alipoanza hakuweza kusimama.

Alituambia kwamba baada ya meli kuzama, Waingereza walikuwa wanatafuta watu waliozoea moto. Wakampeleka kwenye kiwanda kilicho mbali na bahari, katika mji ambao hakupata kujifunza kulitamka jina lake. Kabla hajaingia, askari mkubwa alimkalisha kwenye chumba. Wenzake Wazungu walitia saini karatasi wakapita. Yeye, kwa kuwa ni Mwislamu, aliletewa msahafu uliofungwa kwa kitambaa. Akaambiwa aweke mkono juu yake, akaapishwa kwamba hatamwambia mtu yeyote, mke wala mtoto wala sheikh, atakachokiona mle ndani, wala mahali kilipo, wala kwamba ameapa.

Sijui nani aliwafundisha Waingereza jambo hilo, lakini aliyewafundisha alitujua vizuri. Kwetu kula yamini kwa msahafu si mchezo. Nimeona mtu akiacha shamba lake halali liende na mdhulumaji kuliko kuweka mkono juu ya Kitabu. Tunaambiwa tangu utotoni kwamba anayeivunja yamini hiyo nyumba yake inakwisha, na kwamba inaanza kwisha kwa wadogo. Wala sikuwahi kumsikia mtu akilihoji hilo.

Kazi yake ilikuwa tanuri. Mabamba ya chuma ya kifaru yalikuwa manene hata bamba moja lilikaa motoni mchana kutwa kabla ya kupoozwa. Kwanza walitengeneza kifaru cha mbao, wakakipaka rangi, wakaja wakubwa kutoka mji mkuu wakakigonga kwa bakora zao wakisema hapa ongezeni unene, na hapa. Kisha wakakifanya cha chuma. Kila bamba jipya lilipelekwa uwanjani likapigwa mizinga, na Shaame alisimama nyuma ya magunia ya mchanga akisikiliza chuma alichokipika kikipigwa. Likipasuka, wanaanza upya. Kila zilipokuja habari kwamba Wajerumani wana mzinga mkubwa zaidi, bamba likaongezwa unene, na kila lilipoongezwa unene, injini ikashindwa. Injini yenyewe ilikuwa ya kifaru cha nusu ya uzito ule. Hawakuwa na nyingine.

Siku ya kwanza kilipotoka barabarani kilivunja mawe ya njia na mabomba ya maji chini yake. Hapakuwa na daraja la kukibeba. Kilikwenda mwendo wa watu wanaofuata jeneza. Kwenye matope kilididimia, na kwa kuwa Shaame alikuwa mwembamba, yeye na kijana mmoja wa Kiingereza walikuwa ndio wanaotumwa kuingia chini ya tumbo kuchimba na kupaka minyororo grisi. Kijana huyo alikuwa akimgawia chai yake. Siku moja zamu ilikuwa ya yule kijana, na kifaru kikazidi kudidimia. Walimsikia akigonga chuma kwa spana kutoka chini, wakachimba, wakamsikia tena, kisha wakawa hawamsikii. Baada ya maziko kazi ikaendelea, na lile tumbo likaongezwa bamba.

"Na bado nilikuwa nakipenda, dada," aliniambia, na alinitazama mimi kwa sababu hakuweza kumtazama Wanu. "Wakubwa walisema kikimalizika hiki, vita vitakwisha. Kila bamba nililolitoa motoni nilisema hii ndiyo nauli yangu ya kurudi."

Wanu alimwambia aendelee.

Siku moja alipewa ruhusa ya kwenda bandarini. Kwenye mkahawa wa Waarabu alimkuta Hamad, baharia wa Tumbatu, mtu wa kwetu kabisa, wa kwanza kuzungumza naye lugha yake tangu meli izame. Wakaagiza kahawa. Hamad akajisifu kwa bahari alizovuka na mabomu aliyoyakimbia, akamcheka Shaame kwa kujificha nchi kavu. Na Shaame, kwa kuona haya na kwa utamu wa kusema Kiswahili, akamwambia. Alimweleza kifaru, unene wake, mzinga wake, na namna kitakavyomaliza vita. Hamad alisikiliza yote. Alipomaliza, Hamad akaweka kikombe chini akamuuliza kama habari za nyumbani zimemfikia, kwani yeye alipita Unguja akasikia msiba. Mwanao, akamwambia, amefariki kwa homa.

"Kahawa ilikuwa bado ina moto," Shaame alisema.

Tangu siku ile hakumwambia mtu chochote. Hakutuma hata salamu, kwa kuogopa kwamba neno moja litavuta la pili. Vita vilipokwisha kifaru kilikuwa bado kinabomolewa na kuundwa. Wakaendelea kukijaribu, kwa sababu kila mkubwa alimngoja mwenziwe aseme basi, na hakuna aliyesema. Kisha kifua cha Shaame kikaharibika kwa moshi wa tanuri, akalazwa muda mrefu, na alipotoka hospitali kiwanda kilikuwa kinatengeneza matrekta.

"Niliporudi nikakuona umesimama mlangoni, Wanu, nikasema huyu ndiye aliyebaki. Nikifungua mdomo, na huyu atakwenda."

Wanu alikuwa amesimama wakati wote huo. Sasa naye alikaa, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi nasomesha chuo, Shaame," alimwambia. "Kafara ya yamini ni kulisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo. Ungeniuliza."

"Kukuuliza ni kukwambia."

"Na mtoto alikuwa keshakufa. Alikuwa keshazikwa miezi mingapi kabla hujanywa hiyo kahawa?"

"Najua. Nshaliwaza hilo, usidhani sikuliwaza. Lakini Mungu anajua mtu atasema nini kabla hajasema."

Hapo nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Siku tatu za kufunga, na yeye alitumia maisha yake. Lakini niliona pia kwamba mambo yamekwisha, swali limepata jibu, na jibu halina mwanamke ndani yake wala dhambi ya kutisha. Nikafuta macho, nikawaambia kwamba nnakwenda kumwita Maalim Muhiddin, imamu wetu, aje leo hii awaozeshe, na kwamba mahari tutayazungumza baadaye.

"Ngoja kwanza, wifi," Wanu alisema.

Akamgeukia Shaame. Akamuuliza ni nini hasa alichoambiwa na Hamad kuhusu maradhi ya mtoto. Shaame akasema homa, hakuna zaidi.

"Hakukwambia kwamba nilimchelewesha?"

Shaame akasema hakuambiwa.

"Alipopata homa nilimwandikia kombe," Wanu alisema. Kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa yale maji. "Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Watu wakanambia nimpeleke hospitali, nikasema kombe kwanza. Nikamnywesha, nikamnywesha tena. Alipoacha kulia nikadhani amepata nafuu. Nilipomfikisha, daktari akasema ungemleta jana."

Sikuwa ninalijua hilo. Niliishi ukuta kwa ukuta na mwanamke huyu, nikaosha maiti ya mtoto pamoja naye, nikaja kumlilia na kumliwaza, na hakupata kuniambia. Siku zile za homa nilikuwa Mkokotoni kwa mazishi ya shangazi yetu, nikarudi nikakuta mtoto keshafariki, anangoja kuoshwa. Nilitaka kumshika mkono lakini aliurudisha kwenye buibui lake.

"Nilikungoja wewe," aliendelea kumwambia Shaame. "Sikuwa na haja kubwa ya kujua ulikuwa wapi. Nilikuuliza ulikuwa wapi ili nipate pa kuanzia, useme yako nami niseme yangu. Nilitaka kukwambia wewe uliye baba yake, unilaumu au unisamehe, tumlie pamoja, basi. Ukarudi. Kila nikimtaja mtoto, unainuka, unatoka nje. Nikajua ushaambiwa. Mbele ya kadhi ukasema sina kosa, na hukunitazama. Nikasema huyu anajua, na hii ndiyo hukumu yake."

"Sikujua, Wanu. Wallahi sikujua."

"Nshaona kwamba hukujua."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkebe. Shaame alisogea kwa magoti, kwenye tope la miche yake, mpaka karibu na ndoo aliyokaa Wanu, lakini hakumgusa, kwani hakuwa mkewe tena.

"Hukumuua," alimwambia. "Wewe hukumuua. Nirudie, Wanu. Sasa tumeshaambizana. Tutamlia."

Nilimwona Wanu akifikiri. Alifikiri kweli, siwezi kumsingizia. Alitazama mikono yake kama anatafuta kitu humo.

"Kila usiku nililala nikiamini kwamba wewe unaniona muuaji wa mwanao," alisema. "Ulipokuwa kitandani kwangu niliamini hivyo, na ulipohamia huku niliamini hivyo. Mwanzo sikuweza kula. Kisha nikajifundisha. Nikamlia peke yangu mpaka nikamaliza kilio changu. Neno lako nilikuwa nalihitaji wakati ule, baba Mwanamwema. Sasa umenipa, na sina pa kuliweka."

Akainuka, akakung'uta udongo kwenye buibui, akaniambia twende tusije tukakosa gari. Shaame hakutufuata. Nilipogeuka alikuwa bado amepiga magoti mbele ya ndoo. Njiani nilimsihi Wanu, nilimlilia, nilimwambia ana moyo wa jiwe, na hayo nayo ni maneno niliyoyasema kweli. Yeye alinijibu kwamba hana chuki naye hata kidogo, na kwamba hilo ndilo linalomtisha.

Shaame alifunga siku zake tatu, ingawa nilimwambia kwamba siri yenyewe Waingereza walishaitoa kwenye sinema. Alikuja kufuturu kwangu. Kisha kifua kikazidi, akaacha kazi Kizimbani, akahamia kwangu Malindi, na tangu hapo hanyamazi. Anakaa barazani tangu asubuhi, na yeyote anayepita anaelezwa tanuri, injini iliyoshindwa, barabara iliyovunjika, kijana aliyegonga kwa spana. Wanaume walimsikiliza mwezi wa kwanza. Sasa wamehamisha kahawa yao baraza ya pili, na watoto wanamwita Shaame Kifaru. Mimi niliyemdai maneno miaka yote nashona kofia zangu ndani na kusikia hadithi ileile, na siku nyingine naziba masikio.

Mmanga alileta posa mara ya tatu, na Wanu akaikubali. Amehamia Darajani, lakini chuo chake bado kiko hapa jirani yetu, na kila asubuhi anapita mbele ya nyumba yangu kuja kusomesha. Shaame akimwona anatokea kwenye kona hukata maneno katikati, hunyoosha kofia, hungoja. Wanu hutoa salamu, huitikiwa, huniuliza mimi hali yangu, halafu huingia kwa wanafunzi wake. Wanu hajamuuliza Shaame kitu tena.